UMISSETA tunacheza kwa mikoa, wenzetu wanacheza kwa shule. Tukifika FEASSSA tunaenda kushindana au kusindikiza?

#1 Mzee wa Kirumba
Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanikera kila Agosti ikikaribia. UMISSETA yetu, michezo ya shule za sekondari Tanzania, inaanzia shuleni, inapanda kata, inapanda halmashauri, kisha mkoa unachagua kombaini, yaani timu ya wachezaji kutoka shule mbalimbali. Kombaini inakaa kambini, Juni inapanda basi kwenda taifa. Zamani tulikuwa tunapajua Kibaha, ikaja Mwanza, ikaenda Mtwara, ikahamia Tabora. Mwisho wa siku bingwa anaitwa Mwanza, au Dar es Salaam, au Geita.

Vuka mpaka uone. Kenya bingwa wa soka anaitwa Kakamega School au St Anthony's Kitale. Uganda anaitwa St Mary's Kitende. Ni shule. Wamekula pamoja, wamefanya mazoezi pamoja mwaka mzima, kocha ni mwalimu wao wa jiografia.

Sasa Agosti kwenye FEASSSA, mashindano ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, wenzetu wanashuka na timu ileile iliyotwaa ubingwa wa nchi. Sisi mabingwa wetu wa Juni wameshatawanyika. Kipa karudi Misungwi, beki yuko Sengerema, mfungaji amebanwa na mtihani wa majaribio. Tunaanza upya kutafuta shule ya kupeleka, na majina ni yaleyale: Makongo, Alliance, Lord Baden Powell na wachache wengine.

Hoja yangu: mfumo wa kombaini ndio unaotuua. Anayepinga alete sababu, asilete matusi.

#2 Chipukizi Mstaafu
Nimewahi siti ya mbele. Leteni karanga.

#3 Filimbi ya Mwisho
Mzee wa Kirumba, mimi ni mwalimu na nimechezesha ngazi ya mkoa mara nyingi. Napinga.

Shule zetu nyingi za sekondari ni za kata. Nenda kaangalie kiwanja: kuna mteremko, goli la miti, na njia ya watu wa sokoni inapita katikati. Shule ya namna hiyo inaweza kutoa mtoto mmoja hatari sana, lakini haiwezi kutoa watoto 18. Ukisema bingwa awe shule, huyo mtoto mmoja anaishia kata. Hakuna atakayemwona. Kombaini ndiyo inayomtoa.

Ukifuta kombaini unajua nani atashinda kila mwaka? Shule tatu au nne zenye mabweni na uwezo. Halafu mtakuja hapahapa kufungua uzi mwingine kwamba UMISSETA imekuwa ya matajiri.

#4 Dogo wa Kitale
Ndugu zangu wa Bongo, hamjambo. Wacha niwaeleze huku kwetu maana naona mnatusifu kupita kiasi.

Chama kinachosimamia michezo ya shule za upili kinaitwa KSSSA. Ngazi ni zoni, kaunti ndogo, kaunti, kanda, kisha taifa. Kanda ni nane, zile zile za mikoa ya zamani: Pwani, Nairobi, Kati, Mashariki, Kaskazini Mashariki, Magharibi, Nyanza na Bonde la Ufa. Katiba ya 2010 ilituletea kaunti 47, lakini kwa michezo ya shule bado tunahesabu kama enzi za wakuu wa mikoa. Kitaifa kila kanda inaleta bingwa wake, zinagawanywa makundi mawili ya timu nne, halafu nusu fainali na fainali. Bingwa na wanaomfuata ndio wanaenda Afrika Mashariki.

Kitu kingine ni muhula. Michezo haichezwi yote kwa mpigo. Muhula wa kwanza kuna raga ya wachezaji 15, magongo, vikapu, handiboli, riadha. Muhula wa pili kandanda, voliboli, netiboli, raga ya wachezaji saba. Mwanafunzi anaweza kucheza magongo Machi na kandanda Julai, na wengi hufanya hivyo.

Lakini msidhani ni raha. Kakamega na Musingu zote ziko kaunti moja. Mwaka ambao zote mbili ni moto, mmoja anafia nyumbani hata kabla hajaonekana kitaifa. Wakati huo kanda nyingine inaleta timu inayofungwa mabao kama mvua.

#5 Mama Netiboli
#3 asante mwalimu, mimi ndiye huyo mtoto wa shule ya kata uliyemsema. Shuleni kwetu tulikuwa na netiboli moja, ikipasuka tunafunga soksi. Bila kombaini ya mkoa nisingewahi hata kuiona Mtwara.

Ila pia namuelewa mleta mada. Tulikusanywa wasichana kutoka shule mbalimbali, kambi ilikuwa fupi, na mfungaji wangu wa pembeni sikuwa najua anapenda mpira wa juu au wa kifuani. Tulizoeana wakati tayari tumetolewa kwenye makundi. Tukaanza kupatana vizuri siku ya kufunga mizigo.

Kwa hiyo mimi nimeshiba kombaini na nimeumia kwa kombaini. Mtaamua wenyewe mnibebe upande gani.

#6 Kigogo wa Data
Mnazunguka mbuyu. Tatizo linaanzia 2000 hadi 2005, Wizara ya Elimu na Utamaduni ikiwa chini ya hayati Joseph Mungai. Michezo ya shule ilisimamishwa, UMISSETA na UMITASHUMTA, ile ya shule za msingi, zikafa. Serikali ya awamu ya nne ndiyo iliyozirudisha.

Piga hesabu. Mwalimu anayefundisha leo ana miaka 35 hadi 40. Alikuwa shuleni kipindi hicho. Hajawahi kucheza UMISSETA, hajui kambi ni nini, hajui hata netiboli ina wachezaji wangapi. Huyo ndiye mmempa filimbi. Tulikata mnyororo, tukarudi kuuunga kwa gundi.

#7 Bwana Ratiba
#6 na ndiye huyohuyo aliyetuunganishia fizikia na kemia kuwa somo moja. Kizazi changu kilikosa michezo na kikakosa maabara 😂

Turudi kwenye mada. Mimi naona wa kulaumiwa ni Jumuiya ya Afrika Mashariki pale Arusha. FEASSSA ni chombo chao, wangeweka kanuni kwamba kila nchi ilete timu ya taifa ya shule, mambo yangekuwa sawa kwa wote. Mwaka 2019 yalipofanyika Mwanza tungetumia nafasi hiyo kuwabana.

#8 Filimbi ya Mwisho
Bwana Ratiba, tuweke kumbukumbu sawa.

FEASSSA si idara ya Jumuiya. Ni shirikisho la vyama na vyombo vya michezo ya shule za sekondari vya nchi wanachama. Nchi zinapokezana uenyeji. Jumuiya ina michezo yake ya wabunge, labda ndiyo uliyoiona.

Na 2019 haikuwa Mwanza, ilikuwa Arusha. Orodha ninayoikumbuka: 2015 Huye, 2016 Eldoret, 2017 Gulu, 2018 Musanze, 2019 Arusha, halafu corona ikafuta 2020 na 2021. 2022 yakarudi tena Arusha, 2023 Huye, 2024 Uganda kule Mbale na Bukedea.

#9 Dogo wa Kitale
Na 2025 yakaja Kakamega, usisahau kwetu mwalimu.

#10 Bwana Ratiba
Haya, nimekubali Arusha. Ila wabunge wanacheza vizuri kuliko timu zetu za shule, hilo mniachie.

#11 Mhaya wa Mutukula
Naomba niongee kama mtu aliyesoma upande wa pili. Sisi wa Kagera kuvuka kwenda kusoma Uganda ni jambo la kawaida, na mimi nilivuka kwa sababu ya voliboli.

Msidanganyike na neno "shule". Uganda shule kubwa za michezo zinasajili wachezaji. Mtu anakuja na mfuko wa viatu, anaulizwa unacheza namba ngapi kabla ya kuulizwa ulipata alama ngapi. Mchezaji mzuri anasamehewa ada yote, wa kati nusu, kama mimi. Mwaka nilioumia goti, bwana fedha aliniita ofisini akaniambia kwa upole kabisa kwamba ada kamili inaanza muhula ujao. Mama akauza ng'ombe.

St Mary's Kitende ni shule ya Lawrence Mulindwa, aliyewahi kuwa rais wa FUFA, shirikisho la soka la Uganda, na ndiye mwenye Vipers SC. Uwanja wa Vipers uko Kitende. Sasa wewe unaleta kombaini ya mkoa iliyokaa pamoja wiki mbili, unakutana na watoto wanaoishi pua na mdomo na timu ya ligi kuu. Hata ungeleta shule ya kata iliyokaa pamoja miaka minne, matokeo ni yaleyale.

Kwa hiyo Mzee wa Kirumba, kombaini si ugonjwa.

#12 Mzee wa Kirumba
#11 ahsante kwa ushuhuda, pole kwa goti. Lakini umenisaidia mimi, hujanipinga. Kwa nini mwekezaji wa Uganda anaweka hela kwenye timu ya shule? Kwa sababu shule ndiyo inayobeba kombe! Jina la shule linaandikwa gazetini, wazazi wanaleta watoto. Hapa kwetu mwenye shule akitoa wachezaji saba kwenye kombaini, kombe linakwenda kwa afisa elimu mkoa, linawekwa juu ya kabati karibu na mafaili. Anapata nini?

Na ushahidi tunao nyumbani. 2023 Fountain Gate ya Dodoma, timu ya wasichana, ilibeba ubingwa wa shule wa Afrika kule Durban, mashindano ya CAF. Bara zima! Ilikwenda kombaini pale? Ilikwenda shule.

#13 Chipukizi Mstaafu
Hapo kwenye kabati la afisa elimu nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

#14 Kigogo wa Data
#12 Fountain Gate ni shule binafsi yenye mradi wa mpira ndani yake, na ile ni michuano ya CAF, bingwa anapewa dola 300,000. Usiichanganye na FEASSSA ambapo unarudi na medali na tumbo la kuendesha. Ni mfano wa pesa, si mfano wa mfumo.

Halafu FEASSSA si soka peke yake. Kuna kikapu, wavu, netiboli, mikono, magongo, raga, riadha, kuogelea, meza, tenisi. Niambie ni sekondari ngapi za serikali hapa nchini zina fimbo za magongo. Sisi kwenye baadhi ya michezo hatufungwi, hatupo tu.

#15 Mtoto wa Ng'ambo
Assalaam aleykum. Na sisi wa Zanzibar tuna la kusema kabla hamjamaliza.

Elimu ya skuli si jambo la Muungano. Tuna wizara yetu, skuli zetu, na mashindano yetu. Tamasha la Elimu Bila Malipo kila mwaka linamalizikia tarehe 23 Septemba, siku elimu ilipotangazwa kuwa bure 1964. Pale ndipo watoto wanapoonekana. Tukija huko kwenu UMISSETA, Unguja na Pemba tunahesabiwa kama mikoa miwili tu, sambamba na Simiyu na Katavi. Halafu hapo hapo mnasema kombaini ya mkoa haina maana. Sisi kombaini yetu ni nchi nzima jamani!

Na hilo la wasichana: mabinti wetu wanacheza na suruali na mitandio na wanawafunga. Kuna mwaka mwamuzi mmoja alitaka kumtoa mtoto uwanjani kwa sababu ya mtandio, walimu wakasimama imara mpaka akacheza. Kanuni ziandikwe wazi kabla watu hawajapanda boti.

#16 Mama Netiboli
#15 kweli kabisa kaka yangu. Na mkituletea wale wa Pemba tena mtuambie mapema tujipange, wale watoto wanaruka kama wana springi.

#17 Mhasibu wa Halmashauri
Nimesoma uzi wote, nimeona hamjagusa kitu kinachoitwa basi.

Nawaambia kwa nini mfumo ni wa mikoa. Kombaini ni rahisi. Mkoa unakodi mabasi mawili au matatu, humo ndani kuna soka, netiboli, wavu, kikapu, mikono, riadha, ngoma na kwaya. Msafara mmoja, mkuu wa msafara mmoja, jiko moja, bweni moja la kuazima. Ukisema kila mchezo bingwa wake ni shule tofauti, wavulana mbali wasichana mbali, mkoa mmoja utasafirisha shule kumi na kitu, kila shule na mwalimu wake, matroni wake, na posho zake. Nani anasaini hiyo hundi?

Hela zenyewe zinatoka wapi? Ruzuku ya mwanafunzi wa sekondari ilipangwa 25,000 kwa mwaka, na humo kuna chaki, karatasi, ukarabati na kila kitu. Tangu elimu bila ada ianze 2016, mchango wa UMISSETA kwa mzazi ni kesi. Kwa hiyo tunasubiri mapato ya ndani, na mapato ya ndani Mei yana wenyewe. Ndiyo maana kambi iliyopangwa siku kumi na nne inageuka tano.

Kombaini haikuletwa na mtaalamu wa michezo. Ililetwa na bei ya dizeli.

#18 Dogo wa Kitale
Mhasibu, huku serikali hutenga shilingi 22,244 za Kenya kwa kila mwanafunzi wa upili kwa mwaka, na ndani yake kuna fungu la shughuli za michezo. Kwenye makaratasi. Hela ikichelewa, na huchelewa kila mwaka, walimu wakuu wanakopa kwa wenye maduka wanaowauzia mahindi na maharagwe ili basi liondoke. Nimeona shule ikifuzu ngazi ya kanda, mwalimu mkuu anashika kichwa badala ya kushangilia.

#19 Filimbi ya Mwisho
#17 umesema jambo zito. Naomba niongeze la utawala. Shule ziko chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa. Mitaala iko Wizara ya Elimu. Michezo iko wizara ya michezo na Baraza la Michezo la Taifa. UMISSETA inaendeshwa na hizo tatu kwa pamoja. Siku ya ufunguzi viongozi wote wapo, jukwaa linajaa. Siku tunafungwa FEASSSA tafuta wa kumuuliza.

Kenya chama ni cha walimu wenyewe, wizara ikiwa juu yao. Mwalimu mkuu ndiye mwenyekiti wa zoni, wa kaunti, wa kanda. Wanachaguana, wanalaumiana, wanang'oana.

#20 Dogo wa Kitale
Wanang'oana kweli. Usiombe uwe karibu wakati wa uchaguzi.

#21 Bwana Ratiba
Kila mtu anasema pesa na mfumo. Hakuna anayesema mamluki? Mwalimu Filimbi, mbona umenyamaza kwenye hilo, au na wewe una shemeji alicheza?

#22 Filimbi ya Mwisho
Nilikuwa nasubiri nani ataanza.

Uhakiki upo. Picha, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya darasa la saba, namba ya mtahiniwa, barua ya mkuu wa shule. Tunakaa usiku kucha na mafaili kabla mechi ya kwanza haijapigwa. Lakini karatasi inatengenezwa na binadamu. Kuna kijana mmoja, sitaji mkoa, ndevu zimenyolewa mpaka kidevu kimekuwa cha bluu. Tukamuuliza mwalimu wako wa darasa anaitwa nani, akatazama juu kama anasoma dari. Tukamuuliza unasoma mchepuo gani, akasema "ule wa kushoto". Tulicheka kwanza ndipo tukamwondoa.

Kinachouma ni kwamba mamluki mmoja anamkalisha benchi mtoto wa kweli. Na mkoa unaweza kupoteza pointi zote, watoto wengine wakalia bila kosa.

#23 Chipukizi Mstaafu
"Ule wa kushoto" 🤣🤣🤣 winga huyo, msimlaumu.

#24 Dogo wa Kitale
Hata huku wapo. Tangu wanafunzi waanze kusajiliwa kwa mfumo wa NEMIS ujanja ulipungua lakini haukuisha. Mbinu ya siku hizi si kuleta mtu wa nje. Ni kumrudisha kidato. Mtu amemaliza kidato cha nne shule moja, unamkuta kidato cha tatu shule nyingine, kakomaa kama diwani. Karatasi zote ni halali kabisa.

Na mechi za Afrika Mashariki rufaa za umri huwa nyingi kuliko mabao. Kila nchi inaamini watoto wake ni watoto na wa jirani ni wababa.

#25 Mhaya wa Mutukula
#24 hapo umemaliza. Nikiwa Uganda tuliamini Wakenya ni wazee. Nikirudi Bukoba naambiwa Waganda ni wazee.

#26 Kigogo wa Data
Nawarudisha kwenye hoja yangu ya #6, mmeikimbia. Ukitoa corona, Kenya hawakuwahi kusimamisha michezo ya shule kwa miaka. Ndiyo maana Bruda Colm O'Connell, kocha wa wakimbiaji, alifika St Patrick's Iten 1976 na bado kazi yake inaonekana. Mwalimu mmoja, shule moja, miongo. Sisi mwalimu wa michezo akianza kuzaa matunda anahamishiwa Nkasi, anapangiwa kufundisha uraia.

Tuna chuo cha michezo Malya kule Kwimba. Tuna Butimba iliyokuwa ikitoa walimu wa michezo na sanaa. Wanaotoka huko wanakwenda wapi? Wengi ni maafisa utamaduni, wanaandaa mapokezi ya mwenge.

#27 Mzee wa Kirumba
Kigogo, hiyo ya kusimamisha naikubali kama sababu ya nyuma. Lakini ni zaidi ya miaka ishirini sasa. Mtoto aliyezaliwa mwaka michezo iliporudi ameshamaliza kidato cha sita. Mpaka lini tutamlaumu marehemu?

Na kabla ya hiyo 2000 tulikuwa tunafanya nini? Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 Christchurch 1974. Mbona shule zetu hazikuendelea kutoa akina Bayi miaka yote ya themanini na tisini, UMISSETA ikiwepo?

#28 Kigogo wa Data
#27 hao akina Bayi walilelewa zaidi na majeshi kuliko shule. Umejijibu mwenyewe.

#29 Mwenye Kambi
Nimefundisha kikapu muda mrefu. Naona wote mnajadili nani abebe kombe, hamjadili ratiba.

Juni ni mara moja. Wiki mbili, michezo yote, mtoto mmoja. Nilikuwa na kijana wa kikapu ambaye pia alikuwa akiruka juu vizuri kuliko yeyote mkoani. Fainali ya kuruka na robo fainali ya kikapu zikapangwa asubuhi moja. Tulimpeleka kikapu, tukatolewa, na kwenye kuruka akashinda mtu ambaye yeye humpita hata akiruka na viatu vya shule. Halafu baada ya hapo? Hakuna mashindano mpaka Juni nyingine. Miezi kumi na moja na nusu ya kukaa.

Wenzetu kama alivyosema Dogo #4 wana mihula. Mimi sijali ni kombaini au ni shule. Nipe ligi ya halmashauri inayochezwa kila Jumamosi kuanzia Februari hadi Agosti, hata kwa mguu, shule jirani kwa jirani. Hasheem Thabeet alipitia Makongo, mwaka 2009 akachaguliwa wa pili NBA. Mtoto mrefu kiasi hicho alianza kikapu akiwa mkubwa. Wangapi warefu hawajaguswa kwa sababu Juni iliwapita?

#30 Mama Netiboli
#29 baba, ligi ya Jumamosi na masomo ya ziada? Wakuu wa shule watakufukuza na fimbo. Jumamosi ni ya mtihani wa wiki. Kidato cha nne wanafanya mtihani Novemba, ukifika Mei mpira unaanza kuitwa uhuni.

#31 Mwenye Kambi
Wavulana wa St Anthony's nao wana mtihani Novemba, dada.

#32 Dogo wa Kitale
Wanao, na wazazi hulalamika vilevile. Tofauti ni kwamba shule ikifika kitaifa mwalimu mkuu anapata sifa, hata matokeo yakishuka kidogo anasamehewa. Kidogo.

Lakini niwape siri. Pwani yetu kwa miaka imekuwa ikilalamika kama nyinyi. Hutoka Lamu, Tana River, Taita Taveta, safari ndefu, mechi ya ugenini kila mwaka. Halafu Kaya Tiwi ya Kwale ikaja na wasichana wa vikapu ikawa moto wa kuotea mbali. Mfumo ule ule, kanda ile ile. Mtu mmoja aliamua. Kwanthanze ya Machakos vivyo hivyo kwenye voliboli. Kwa hivyo nikisikia "mfumo" huwa natabasamu.

#33 Mhasibu wa Halmashauri
Mtu mmoja aliyeamua na mtu wa kulipa. Usimfiche wa pili.

#34 Mtoto wa Ng'ambo
Mbona hakuna aliyezungumzia Rwanda? Mpira wa mikono wanatunyanyasa wote. ADEGI na ES Kigoma (Kigoma ya kwao, si ile yenu), skuli za kawaida tu. Nchi yenyewe inaingia ndani ya Tabora mara mbili na chenji inabaki.

#35 Bwana Ratiba
Ndiyo maana wanashinda, basi halichelewi. Ukitoka shule ukisahau viatu unarudi kuchukua.

#36 Mzee wa Kirumba
Basi nipendekeze njia ya kati, muipasue. Juni ibaki ya kombaini kwa ajili ya watoto wa shule za kata, sawa na alivyosema mwalimu #3. Lakini sambamba kuwe na kombe la shule, soka na netiboli tu kwa kuanzia, linachezwa kwa kanda: Ziwa, Kati, Kaskazini, Nyanda za Juu Kusini, Kusini, Mashariki, Magharibi, na Zanzibar. Mabingwa nane wanakutana Julai. Wa kwanza na wa pili wanakwenda FEASSSA na jezi zao. Mhasibu, hapo mabasi ni manane tu.

#37 Mhasibu wa Halmashauri
Manane kwa wavulana. Wasichana wanatembea?

#38 Mama Netiboli
Asante Mhasibu. Wanatusahau kwenye hesabu, wanatukumbuka kwenye kwaya.

#39 Filimbi ya Mwisho
#36 na hao wa kombe la shule ni wale wale wa kombaini. Mtoto mzuri atacheza Juni na kombaini, Julai na shule, Agosti nje ya nchi. Atasoma lini? Na mkuu wa mkoa atakubali mchezaji wake apumzishwe kwa ajili ya kombe la shule? Utaona kambi mbili zinamgombania mtoto mmoja, na cheti chake cha kuzaliwa kikiwa kwenye faili la mtu wa tatu.

#40 Mzee wa Kirumba
Mwalimu kila ninalosema unapuliza filimbi. Lete lako.

#41 Filimbi ya Mwisho
Langu nililisema: kiwanja kimoja kizuri kila kata, kabla ya kombe lolote.

#42 Chipukizi Mstaafu
Kwa hiyo tumetoka kombaini, tukapita Mungai, tukapita Kitende, tukafika kwenye greda. Nani ana namba ya TARURA, wale wa barabara?

#43 Mhaya wa Mutukula
Swali dogo kwa wenye uelewa: mdogo wangu yuko kidato cha pili Mbarara, raia wa Tanzania, anacheza wavu. Shule yake ikifuzu Agosti, anacheza kama Mganda au wanaweza kumwekea pingamizi? Naomba majibu ya kweli, siyo ya Bwana Ratiba.

#44 Bwana Ratiba
Inategemea anasoma mchepuo wa kushoto au wa kulia.

#45 Dogo wa Kitale
Mhaya, kinachoangaliwa kwanza ni kwamba ni mwanafunzi halali wa shule hiyo na umri wake uko sawa. Wachezaji wageni wamekuwa na kanuni zao na hubadilika, hivyo amwambie mwalimu wake wa michezo aulize USSSA, chama cha michezo ya shule cha Uganda, mapema kabla majina hayajafungwa. Akisubiri Agosti, atakuwa anabeba maji ya wenzake.

#46 Mama Netiboli
Na awe na nakala za vyeti vyake, asimwachie mtu ile halisi. Mimi changu kilibaki kambini, mkoa ukaniambia kiko wilayani, wilaya ikasema kiko shuleni. Nilikipata nikiwa nimeshaolewa.